Rangi ya Kazi Ndogo Haitoki kwa Mama Yake

Muulize yeyote anayetengeneza ratiba za miradi kwa kompyuta jinsi ya kubadilisha rangi za kazi ndogo kwenye chati ya Gantt, na atakupa jibu moja. Andika makro. Ipitie kazi zote kuanzia juu hadi chini, ikikutana na kazi mama ishike rangi yake, kisha iwapake watoto wake wote rangi hiyo hiyo. Msingi uwe wa bluu, ghorofa ya kwanza kijani, ghorofa ya pili zambarau, paa kahawia. Msimbo wenyewe ni mistari michache, chati inapendeza, na mteja akiiona kwenye projekta anatikisa kichwa kwa kuridhika. Jibu hili limezoeleka kiasi kwamba wanaolifundisha hawasumbuki hata kulitetea.

Mimi nalipinga, tena nalipinga lote. Chati ya Gantt haikai kwenye kompyuta ya aliyeipaka rangi. Inabandikwa ukutani kwenye ofisi ya saiti, inaingia kwenye ripoti ya mwezi, inafunguliwa mbele ya mkandarasi, mhandisi mshauri na mwenye mradi, na kwa kuitazama watu hao wanaamua nani alipwe, nani aongezewe muda na nani abebe lawama. Rangi ya kila upau pale ni kauli. Rangi hiyo inapaswa kusema jambo kuhusu kazi ndogo yenyewe, jambo linalotokana na tarehe na takwimu zilizomo ndani ya faili, na wajibu wa msimbo ni kulitafuta jambo hilo. Msimbo unaozunguka na brashi ukipaka upau mmoja baada ya mwingine unaiharibu chati, hata kama rangi zake ni nzuri.

Tuchukue jengo hilo la ghorofa mbili. Chini ya kichwa cha "Ghorofa ya pili" kuna kazi ndogo ambazo kila fundi anazijua: kupanga mbao za zege, kusuka nondo, kupitisha mabomba ya umeme, kumwaga zege, kumwagilia, kubomoa mbao. Makro imepita, zote sita ni za zambarau. Sasa nondo za milimita 16 hazijafika, na usukaji umechelewa siku tisa. Upau wa kusuka nondo ni wa zambarau. Upau wa kumwaga zege, ambao hauwezi kuanza mpaka nondo zikaguliwe, nao ni wa zambarau. Upau wa kupanga mbao, kazi iliyokwisha wiki mbili zilizopita, ni wa zambarau vilevile. Mwenye mradi anapoitazama chati hii, rangi inamwambia kwamba kazi hizi ni za ghorofa ya pili. Lakini hilo alishalijua! Kazi zimeandikwa chini ya kichwa kinachosema "Ghorofa ya pili", na majina yake yamesogezwa kulia kidogo ili kuonyesha kwamba ni za ndani yake. Mahali pa upau palishamwambia. Rangi, alama ambayo jicho huishika kabla ya kusoma neno lolote, imetumika kurudia habari ya zamani, na habari mpya ya siku tisa imekosa pa kukaa.

Hapo nimezungumzia chati siku ilipopakwa. Baada ya wiki mbili mambo huwa mabaya zaidi, na ili kuelewa kwa nini, lazima tuingie ndani ya programu inayotumika sana kwa kazi hii, Microsoft Project, na lugha yake ya makro, VBA.

Project ina njia mbili za kuamua upau uwe na rangi gani. Ya kwanza ni mitindo ya pau, jedwali la kanuni linalosema: kazi ya kawaida ichorwe hivi, kazi mama hivi, kazi iliyowekewa alama fulani hivi. Programu hulisoma jedwali hilo kila inapochora, safu ya juu kwanza, na safu ya chini ikikubaliana na kazi huchorwa juu ya zile zilizotangulia. Njia ya pili ni kuubandika upau mmoja rangi yake binafsi, na kwa VBA amri yake ni GanttBarFormat. Unaipa namba ya kazi, unaipa rangi, basi. Rangi hiyo binafsi inashinda mtindo. Hapa ndipo penye tatizo, na makro ile inayosifiwa imejengwa papo hapo.

Kwa sababu rangi binafsi inashinda kanuni, upau uliobandikwa hausikii tena lolote. Project hukokotoa yenyewe ule mlolongo wa kazi ambazo ikichelewa moja tu, mradi mzima unachelewa, na inaweza kuzionyesha kwa nyekundu. Tarehe zikibadilika leo jioni, mlolongo unabadilika leo jioni. Lakini upau uliobandikwa zambarau utabaki wa zambarau hata kazi yake ikiingia kwenye mlolongo huo, kwa kuwa kuna mtu aliyekwisha kuiambia programu isiifikirie tena. Faili inajua ukweli. Skrini inasema kingine. Mhandisi anayeangalia skrini hana namna ya kutambua tofauti hiyo asipofungua kazi moja moja, na chati ilitengenezwa ili asilazimike kufanya hivyo.

Halafu kuna suala la namba. GanttBarFormat inaitambua kazi kwa namba ya safu yake. Makro nyingi huandikwa kwa haraka namna hii: kazi ya 14 hadi ya 19, zambarau. Mpangaji ratiba akiongeza kazi moja juu yake, tuseme "Kupima udongo upya", kila kitu kinashuka safu moja. Makro ikiendeshwa tena, itapaka kuanzia 14 kama ilivyoamriwa, na upau wa kwanza itakaoupaka ni wa kazi isiyokusudiwa. Project ina namba nyingine ya kudumu kwa kila kazi, isiyobadilika hata safu zikihama, lakini sijaona maelekezo mengi ya kupaka rangi yanayojali kuitumia. Wanaonakili rangi kutoka kwenye kurasa za wavuti wana shimo lao jingine: VBA huhesabu nyekundu mwishoni, kwa hiyo FF0000, ambayo kwenye wavuti ni nyekundu, ikiingizwa jinsi ilivyo kwenye GanttBarFormatEx, ndugu ya GanttBarFormat inayopokea rangi yoyote, hutoka bluu.

Wanaoitetea makro ya brashi husema ni rahisi, na kwamba kanuni ni mzigo kwa mtu mwenye ripoti ya kuwasilisha kesho. Hebu tuangalie urahisi huo kwa karibu. Katika Project kuna sehemu ishirini za ndiyo au hapana kwa kila kazi, Flag1 mpaka Flag20. Nafungua Flag1, naipa jina "Imechelewa", naiwekea fomula: [Finish Variance] > 960. Sehemu hiyo hupima ni kiasi gani mwisho wa kazi umepita mwisho uliopangwa awali, na fomula huihesabu kwa dakika. Dakika 960 ni siku mbili za saa nane. Kisha naingia kwenye mitindo ya pau na kuongeza safu moja inayosema kwamba kazi isiyo kazi mama, yenye Flag1, ichorwe kwa chungwa zito. Hakuna mstari hata mmoja wa VBA. Nondo zikichelewa siku tisa, upau unageuka wenyewe. Zikipatikana na mpango ukarekebishwa, unarudi wenyewe. Makro ya brashi inataka mtu aikumbuke na kuibonyeza kila wiki, inadai chati ya Gantt iwe ndiyo iliyofunguliwa mbele, na haifanyi kazi kabisa kwenye toleo la mtandaoni lisilokuwa na VBA. Nani kati ya hawa wawili ndiye mwenye mzigo?

Kuna sharti moja, na ni la haki: mpango wa awali lazima uwe umehifadhiwa ndani ya faili, la sivyo tofauti itakuwa sifuri siku zote na hakuna upau utakaogeuka. Nimewasikia watu wakilitaja sharti hili kama hoja dhidi ya kanuni. Kwangu ni hoja ya kuiunga mkono. Mtu asiyehifadhi mpango wa awali hana haki ya kutangaza kwamba kazi fulani imechelewa au imewahi, kwa rangi wala kwa maneno, na brashi ndiyo inayompa uwezo wa kutangaza bila kuwa na mpango wa kulinganishia.

Nisieleweke kwamba naipinga VBA. Msimbo una nafasi yake, na kwenye ratiba ya kazi mia tano nafasi hiyo ni kubwa. Upitie kazi zote, uruke safu tupu ambazo Project hurudisha kama Nothing na kuiangusha makro yoyote isiyozikagua, uruke kazi mama, kisha uulize: tarehe zake zinasemaje, kuna kitu kinachoikwamisha, asilimia iliyokamilika inalingana na siku zilizopita? Jibu liandikwe kwenye Flag. Msimbo uishie hapo, na rangi iachiwe mtindo. Mkandarasi akitaka kesho chungwa liwe waridi, atabadilisha safu moja kwenye jedwali la mitindo na pau zote zitamfuata, bila kumtafuta aliyeandika makro.

Turudi kwa mama na watoto, maana ndipo mazoea yalipokosea zaidi. Wapenzi wa makro ya urithi wanaiteremsha rangi kutoka kwa kazi mama kwenda kwa kazi ndogo. Nasema rangi inapaswa kupanda. Kazi mama kwenye ratiba haifanyi kazi yoyote. Tarehe zake hutokana na tarehe za watoto, na hakuna fundi anayepangwa "Ghorofa ya pili". Yote yanayotokea, yanatokea kwa watoto. Project yenyewe inalitambua hili: ukiipa Flag1 fomula, inakuuliza kazi mama ihesabiwe vipi, na mojawapo ya majibu ni kujumlisha kutoka chini kwa OR. Maana yake, mtoto mmoja tu akiwa na alama, mama anaipata. Weka safu ya pili ya mtindo kwa kazi mama yenye Flag1, na mwenye mradi akifunga matawi yote abaki na mistari minne tu ya kazi mama, ataona ghorofa ya pili ina chungwa. Atalifungua tawi hilo moja na kukutana na nondo. Kwa rangi za kurithi, angefunga matawi akabaki na bluu, kijani, zambarau na kahawia, na angeondoka kwenye kikao bila kujua kwamba nondo hazijafika.

Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, hakutuachia chati ya mapambo. Wallace Clark, aliyefanya naye kazi, aliieleza mbinu yake kwenye kitabu cha mwaka 1922 kinachoitwa The Gantt Chart, na ndani yake alama zote zina kazi. Mstari mwembamba unaonyesha kilichofanyika katika kipindi, mstari mnene unaonyesha jumla mpaka sasa. Kwenye chati za mashine, pale mashine iliposimama, iliwekwa herufi ya sababu: M kwa kukosa malighafi, P kwa kukosa nguvu ya kuiendesha, R kwa matengenezo, T kwa kukosa zana, H kwa kukosa wafanyakazi. Msimamizi alipitisha jicho mara moja akajua mashine zimelala na kwa nini zimelala. Miaka mia moja baadaye tuna rangi milioni kumi na sita kwenye kila skrini, na tunazitumia kumwambia msimamizi kitu ambacho kichwa cha safu kimeshamwambia. Hilo linanikera kwa dhati, kwa sababu chombo kimerudi nyuma mikononi mwetu na tunayaita hayo maendeleo.

Kuna upinzani mmoja wenye uzito. Mpangaji mzoefu atasema: fomula haijui kila kitu. Kibali cha manispaa hakijatoka, kila mtu kwenye saiti anajua kazi ya wiki ijayo haitafanyika, lakini tarehe bado hazijasogezwa na hesabu zinaonyesha kila kitu ni salama. Si bora niupake upau huo nyekundu kwa mkono wangu?

Ujuzi huo ni wa thamani, na ndiyo maana hautakiwi kufichwa ndani ya rangi. Ukiupaka upau nyekundu kwa mkono, mwenzako atakayeifungua faili mwezi ujao hatajua ulimaanisha nini, na wewe mwenyewe ukihamishiwa mradi mwingine umeondoka na maana yake. Tumia Flag2, iite "Imezuiwa", iweke ndiyo kwa mkono wako. Kwenye Text1 andika sababu: kibali. Mtindo wa pau unaweza kuchora kazi yenye Flag2 kwa rangi yake na kuandika yaliyomo kwenye Text1 kulia kwa upau, kama Clark alivyoweka herufi zake. Sasa uamuzi wako unaweza kuchujwa, kuhesabiwa na kuulizwa maswali. Ukitaka kujua ni kazi ngapi zimesimama kwa ajili ya vibali, faili itakujibu. Rangi iliyobandikwa kwenye upau haichujiki.

Upinzani mwingine ni wa wakubwa wanaotaka kuziona ghorofa kwa rangi zake. Wapewe. Tangu toleo la 2007 Project inaruhusu rangi ya nyuma kwenye seli za jedwali la kushoto, pale yalipo majina ya kazi. Ghorofa ikae kule, kwa rangi hafifu, na pau ziachwe ziseme habari za kazi.

Kuhusu uchaguzi wa rangi zenyewe, nyekundu na kijani zimegeuzwa kuwa sheria, na hapo napo nina ugomvi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inasema tangu mwaka 1999 kwamba rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari, na toleo la 2018 linataka sehemu za mchoro zinazohitajika kueleweka zitofautiane kwa mwangaza angalau 3 kwa 1 na rangi zilizo jirani. Nimekokotoa nyekundu kamili na kijani cha kawaida cha Project kwa fomula ya miongozo hiyo. Zinatofautiana kwa takriban 1.3 kwa 1. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani hana mwangaza wa kumwokoa, na hata mwenye macho mazima akiitoa chati hiyo kwa printa ya wino mweusi, ambayo ndiyo iliyopo kwenye ofisi nyingi za saiti, atapata pau za kijivu zinazofanana. Kazi iliyochelewa na kazi iliyo salama zinakuwa ndugu mapacha kwenye karatasi inayobandikwa ukutani. Chungwa zito dhidi ya bluu nyeusi, pamoja na mistari ya mshazari ndani ya upau uliochelewa, huvuka fotokopi bila shida. Mitindo ya pau inaruhusu mistari hiyo. Ni safu ile ile, chaguo moja zaidi.

Walio nje ya Project wasidhani hawahusiki. Wanaoandika chati kwa JavaScript wana kishawishi kile kile kwa sura nyingine. Kwenye maktaba ya dhtmlxGantt unaweza kuweka rangi ndani ya data ya kila kazi, na rangi hiyo itahifadhiwa kwenye hifadhidata pamoja na tarehe kana kwamba nayo ni tukio lililotokea saiti. Au unaweza kutumia kiolezo cha task_class, funksheni inayoipokea kazi kila inapochorwa na kurudisha jina la hali yake, kisha CSS ikaamua hali hiyo ionekane vipi. Mermaid, chombo kinachochora chati kutokana na maandishi, imekwenda mbali zaidi: kwenye chati yake ya Gantt mwandishi anaandika done, active au crit, na chombo kinatafuta rangi. Walioibuni walielewa kwamba mwandishi wa ratiba anaulizwa hali ya kazi. Inasikitisha kwamba swali la kwanza la wengi wanaokutana nayo ni namna ya kulikwepa hilo ili wapake wanavyotaka.

Kwa miradi mikubwa ya ujenzi jambo hili lina uzito wa mkataba. Kitabu chekundu cha mwaka 1999, mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kinachotumika kwenye miradi ya ujenzi Tanzania na Kenya, kinamtaka mkandarasi kwenye kifungu cha 8.3 awasilishe ratiba ya kina ndani ya siku 28 baada ya kupokea taarifa ya kuanza kazi, na awasilishe iliyorekebishwa kila ile ya awali inapoacha kulingana na maendeleo halisi. Ratiba hiyo ndiyo itakayofunguliwa siku ya kudai nyongeza ya muda. Mkandarasi aliyepaka pau zake kwa mkono atalazimika kueleza, kwa kila upau, nani aliupaka, lini, na kwa msingi gani, na makro haihifadhi majibu hayo. Mwenye fomula atafungua Flag1 na kuisoma mbele ya kikao.

Kwa hiyo mhandisi mshauri anapopokea faili ya ratiba, asianze kwa kusifia rangi. Achague kazi ndogo moja, kusuka nondo kwa mfano, ausogeze mwisho wake mbele kwa siku kumi, na asiguse kitu kingine chochote. Upau ukigeuka rangi na mama yake akageuka naye, aipokee. Ukibaki na rangi yake ya asubuhi, airudishe faili kwa mkandarasi siku hiyo hiyo.